Ng'ombe Mweupe Aliyetufuata Hadi Bukoba

Tangu turudi, sipiti mtaa wowote wa Arua bila mtu kuniuliza habari za ng'ombe. Wengine wamesikia kwamba tulisafiri naye ndani ya basi. Wengine wamesikia kwamba aliibwa Tanzania, na fundi cherehani wa Koboko akaacha gauni la bibi harusi halina mikono, akamfuata. Habari ya gauni ni kweli. Habari ya ng'ombe ni ndefu kidogo, na nimechoka kuisimulia vipande vipande barabarani, kwa hiyo naiandika yote hapa. Mambo ya karatasi za kuvukia mpaka, picha, barua na mihuri, nayaruka. Yalitusumbua kama yanavyomsumbua kila mtu.

Mnanijua. Nikifunga mlango narudi kuangalia kama nimeufunga, halafu narudi tena kuangalia kama sikuufungua nilipokuwa naangalia. Tangu nimalize chuo niko nyumbani kwa mama natafuta kazi, na barua moja ya maombi huniweka mezani kutwa nzima. Hivyo shule moja ya sekondari ya Koboko ilipotafuta mwanamke kijana wa kuwaangalia wasichana katika ziara ya klabu yao ya Kiswahili, kwenda kukaa na wenzao wa shule ya Bukoba, nilikubali haraka kabla sijaanza kufikiri. Nilianza kufikiri baadaye.

Koboko, kwenye varanda ya fundi

Wazazi wote walikubali mapema isipokuwa mmoja, na huyo ndiye hatukuweza kumwacha. Binti yake, Keji, ndiye angesimulia hadithi kwa niaba ya shule yetu siku ya mwisho, mbele ya wenyeji. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kwao, hakuna mwingine aliyeijua, na wenyeji walikuwa wameshaambiwa waitegemee.

Baba yake anaitwa Lado. Anashona kwenye varanda ya duka la vitenge, karibu na soko. Alivuka kutoka Sudan Kusini na Keji mgongoni, wawili tu, na sasa sare za karibu shule zote za mjini zimepita mikononi mwake. Kwa kuwa mikono yake haina nafasi, simu hukaa ndani ya kikombe cha bati kando ya cherehani, ili sauti itoke kubwa. Ujumbe wake wa sauti husikilizwa na kila mtu aliyepo: wateja, wapita njia, na mama mmoja muuza mandazi ambaye sijawahi kumwona akiondoka pale.

"Wewe iko Madam ya safari?" aliniuliza bila kusimamisha mguu.

"Ndiyo, Baba Keji."

"Ulishafika Bukoba?"

"Bado."

"Ulishavuka mpaka?"

Nilisema nimewahi kufika Oraba. Varanda nzima ilicheka. Oraba ni kituo cha mpakani cha hapo tu, Kuluba, ambako mtu wa Koboko huenda asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana.

"Oraba!" alisema mama wa mandazi. "Hata kuku yangu inaenda Oraba, inarudi peke yake."

Fundi Lado hakucheka. Alisimamisha cherehani, akavua utepe wa kupimia shingoni, akaukunja taratibu.

"Sikia, Madam. Mimi iko na mutoto moja tu. Anaenda, sawa. Lakini kila jioni nataka sauti yake kwa simu. Hapana kuandika. Sauti. Na kama nasikia kitu mubaya, moja tu, narudisha mutoto yangu. Kalas."

Kitu kibaya, kimoja tu. Niliondoka na maneno hayo na sikuyaacha tena. Kibaya ni nini? Ajali, ndiyo. Homa, bila shaka. Je, tairi kutoboka? Je, mtoto kukosa usingizi? Kabla sijafika nilikolala, nilikuwa nimeshaamua kwamba kutoka kwangu, fundi Lado hatasikia kitu kibaya hata kimoja.

Koboko hadi Arua

Tulikuwa na basi dogo la kukodi, dereva wake anaitwa Taban, mtu wa makamo mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na maoni juu ya kila kitu. Kiongozi wa msafara alikuwa mwalimu Drani, anayefundisha Kiswahili, na ambaye alikuwa amevaa viatu vipya.

Viatu hivyo havikufika Arua vikiwa vipya. Keji alikuwa amekula mayai ya kuchemsha asubuhi, njia yote alikuwa kiti cha nyuma, na kabla hatujaingia mjini alimtapikia mwalimu Drani miguuni. Mwalimu alisema "si kitu, si kitu" kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni kitu. Taban alisimamisha basi, tukaomba maji kwenye nyumba ya kando ya barabara, na bibi mmoja akatupatia beseni zima pamoja na limau la kunusa, halafu akakaa kwenye kigoda kututazama kama sinema.

Jioni, tukiwa Arua nyumbani kwa mama, nilimwita Keji tutume sauti kwa baba yake. Nilimshikia simu. Alianza hivi: "Baba, nimetapika kwa viatu ya Mwalimu, na Candiru amekataa kunipa dirisha, na tumbo yangu..."

Nilifuta.

"Keji," nilimwambia kwa upole, "Baba atahangaika bure. Mwambie tu mmefika."

"Lakini nimetapika."

"Umepona sasa."

Alirudia mara kadhaa. Katika moja alikohoa, nikafuta. Katika nyingine Candiru, mwenzake wa kiti, alicheka nyuma, nikafuta. Mwisho tukapata iliyo safi: "Baba, tumefika salama. Nimekula vizuri. Usiwe na wasiwasi." Nilijisikia kama mtu aliyepiga pasi shati gumu hadi likalala.

Arua hadi Kampala

Mama yangu alituamsha na chai na mfuko wa odii, karanga na simsim, yaani ufuta, zilizosagwa pamoja, akisema Kampala hakuna chakula. Tukatoka. Pakwach tulipita daraja polepole, watoto wote wakiwa upande mmoja wa basi kuutazama Mto Nile, hadi Taban akapiga kelele: "Rudini upande ingine! Mnataka basi iogelee?"

Karuma tuliwakuta nyani. Wamekaa kando ya barabara kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe. Tuliwaambia watoto wafunge madirisha, na wote wakafunga isipokuwa Keji, aliyekuwa amepata dirisha kwa mara ya kwanza na hakutaka kulipoteza. Mkono mweusi uliingia, ukachukua mfuko wa chapati mapajani mwake, ukatoka. Hakuumia. Ila alibaki ameshika hewa. Candiru akasema, "Sasa nyani anajua ladha ya Koboko," wakaacha kuongea wote wawili kwa sababu ya sentensi hiyo.

Mbele ya Kigumba mkanda wa feni ulikatika. Tulikaa chini ya paa la mabati la mchoma mahindi kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyewe alianza kututambulisha kwa wateja wake. Taban alipanda boda kwenda kutafuta mkanda, akarudi na ambao haukuingia, akaenda tena. Mimi nilikuwa nafikiria breki. Mkanda ukikatika, breki je? Nilimuuliza aliporudi.

"Madam," alisema akiwa chini ya basi, "breki iko. Akili yako ndiyo haina breki."

Tuliingia Kampala jua likiwa limeshapungua. Nikamwita Keji. Safari hii sikuhitaji kufuta sana, alikuwa ameshajifunza: "Baba, tumefika salama. Nimekula vizuri. Usiwe na wasiwasi." Taban, aliyekuwa anashusha mizigo, alitikisa kichwa. "Huyu mtoto anasoma habari ya redio?" Nilicheka. Sikufikiri lolote juu yake, mimi ninayefikiri juu ya kila kitu.

Jibu lilikuja watoto wakiwa wanakula na Keji ameshasinzia kwenye kiti. Nililisikiliza mwenyewe kwanza. Sauti ya fundi Lado ilikuwa taratibu mno, na nyuma yake varanda ilikuwa kimya.

"Keji. Baba anauliza. Ile ng'ombe yetu nyeupe, kesho nani anapeleka kwa maji?"

Nikasikiliza tena. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: mzazi amemkumbuka mtoto, sasa anatafuta njia ya kumwambia kazi za nyumbani zimebaki, rudi. Nilimwona Keji akisinzia na mdomo wazi, nikaona si haki kumwamsha abebe na ng'ombe. Nilikaa na simu hiyo mkononi nikiandika na kufuta. Niliogopa kusema sijui, maana angeuliza kwa nini mtoto hajibu mwenyewe. Mwishowe nikatuma maandishi:

*Baba Keji, salaam. Keji amelala. Amesema mtoto wa jirani atampeleka ng'ombe majini, na anamsalimu sana. Usiwe na wasiwasi.*

Hakujibu. Nikalala vizuri kuliko usiku uliotangulia.

Kampala hadi Mutukula, na kuvuka

Ikweta tulishuka, kila mtoto akasimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Masaka Keji aliumwa tumbo. Alikuwa amekunywa maziwa ya kuganda akishindana na Candiru, njia ya kupatana waliyobuni wenyewe. Muuza dawa mmoja mwanamke alimpa unga wa kuchanganya na maji, akamwambia, "Wewe, tumbo si debe," akatuuzia na ndizi mbivu.

Kabla ya mpaka nikatuma ile sauti ya jioni mapema, nikijua laini yangu huenda isishike mtandao ng'ambo. Maneno yaleyale. Fundi Lado hakujibu na hiyo. Nikamwambia mwalimu Drani kwamba mzee ametulia sasa, ametuamini.

Mutukula basi letu halikuvuka. Taban alisikia sauti asiyoipenda kwenye injini, na basi la shule ya wenyeji lilikuwa limeshakuja kutupokea upande wa pili. Tukamwacha pale ashughulike nalo, tukavuka kwa miguu na mabegi yetu, tukiwa tumepanga mstari kama siku ya gwaride. Keji alitazama nyuma mara mbili. Nilidhani anamtazama Taban.

Bukoba

Watoto wetu walikuwa wamefundishwa darasani kwamba Tanzania watu huamkiana *shikamoo*. Hivyo walipofika getini wakamkuta msichana wa rika lao ameshika daftari la wageni, wakapiga magoti wote: "Shikamoo!"

Msichana akarudi hatua. "Mimi? Mnaniamkia mimi? Jamani, mimi niko kidato cha pili!" Akakimbia kuita wenzake waje waamkiwe na wao.

Tulipokelewa na Mama Koku, msimamizi wa bweni, mwanamke mnene wa sauti ya chini. Alitupatia mbegu za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Pale mgeni hutafuna mbegu moja mbili, ndipo mazungumzo yanaanza. Sisi hatukujua. Candiru alizimeza kama vidonge. Keji alizitia mfukoni kwa baba yake. Mimi nilitafuna nyingi kwa kutaka kuonyesha adabu, na sikufunga macho tena hadi asubuhi, jambo ambalo kwa hali yangu halikuwa na faida.

Chakula kilikuwa ndizi. Ndizi na samaki, ndizi na maharage, ndizi zilizopondwa, ndizi nzima. Watoto waliozoea enyasa, ugali wetu wa muhogo na mtama, walizitazama kama swali la mtihani. "Kuleni, wanangu," alisema Mama Koku. "Ndizi haina mwiba." Maji ya kuoga yalikuwa baridi ya ziwani. Lakini siku iliyofuata, wakiwa wamezungushwa shuleni na mashambani, nilimsikia Keji akimsimulia yule msichana wa getini juu ya nyani wa Karuma, wakicheka hadi wakakaa chini. Niliwaza: imefanikiwa. Imebaki hadithi yake tu, kesho mchana.

Asubuhi ya siku ya hadithi simu ya mwalimu Drani, aliyekuwa amenunua laini ya Tanzania, ililia. Alisikiliza, akanipa.

"Madam," alisema Taban. "Fundi iko hapa."

"Fundi wa basi?"

"Fundi Lado. Baba ya Keji. Iko hapa Mutukula, amekaa kwa benchi ya mpaka. Anaambia askari kwamba watoto walikamatwa. Anasema leo anarudi na mutoto yake ama na maiti yake. Wallahi, Madam, umemwambia nini huyu mutu?"

Kurudi Mutukula

Gari la shule lilitupeleka, mimi na Keji. Nilimwambia Keji tu kwamba baba yake amekuja. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Njia nzima nilikuwa natunga maelezo, na kila maelezo yalianza na neno *kwa kuwa* na hayakuwa na mwisho.

Tulimkuta amekaa wima kwenye benchi upande wa Uganda, utepe wa kupimia bado shingoni, nyuzi nyeupe zimeganda kwenye suruali. Askari wa mpaka alikuwa amempa chai, imepoa. Hakuwa na karatasi za kumruhusu kuvuka, na alikuwa amesafiri kutoka Koboko bila begi.

Alipomwona Keji akisimama kwenye lango hakukimbia. Alisimama tu.

Na Keji, badala ya kusalimu, akaanza.

"Baba, kule wanakula ndizi! Asubuhi ndizi, mchana ndizi, hata ndizi ya asubuhi inarudi jioni. Maji yao baridi, nimeoga nikalia. Nyani amekula chapati zangu, Candiru amenicheka, nimetapika kwa viatu ya Mwalimu, tumbo yangu iliuma Masaka. Na huyu Madam..." akanionyesha kidole, "huyu Madam kila jioni ananiambia sema tena, sema tena, usikohoe! Nimechoka na yeye!"

Fundi Lado alikaa chini. Mabega yake yalitikisika, na sote tulidhani analia, hata askari alisogea. Alikuwa anacheka. Kisha kweli akalia kidogo, kisha akacheka tena.

"Endelea," alisema. "Sema ingine."

"Kitanda yangu inalia."

"Inalia namna gani?"

Keji akaigiza kitanda. Taban akageuka kando akishika mbavu.

Baadaye, Keji akiwa amepelekwa na Taban kununua soda, fundi Lado alinigongea benchi nikae.

"Ng'ombe yangu hajambo?" aliniuliza.

Nikasema nadhani hajambo.

"Mimi hapana na ng'ombe, Madam. Hata mbuzi hapana. Mimi iko na cherehani."

Nilihisi masikio yakiwaka. Akaniacha niwake kidogo, kisha akaongea, akiangalia malori yaliyopanga foleni.

"Barabara ya Yei, wakati ile. Watu ya bunduki wanasimamisha lori. Wanakupa simu yako, wanasema: piga nyumbani, sema uko salama, ndugu zako wakuje na lori ingine. Ndugu yangu alipiga. Alisema, tumefika salama, nimekula vizuri, usiwe na wasiwasi." Akabandua uzi mmoja kwenye suruali. "Ndugu yangu! Mutu ya kulalamika toka asubuhi. Chumvi nyingi. Chumvi kidogo. Jua kali. Kiatu kinabana. Ile siku hapana lalamika hata kitu moja. Hapo nilijua. Watu yote ya barabara ile wanajua. Mutu iko salama, analalamika."

"Kwa hiyo sauti ya Arua..."

"Ya Arua nilisema, labda mutoto amechoka. Ya Kampala, maneno ileile. Nikaweka ng'ombe. Kama Keji iko huru, atasema, Baba, umelewa? Ng'ombe gani? Kumbe ng'ombe anasalimiwa!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Mama ya mandazi alisoma ile maandishi yako, chombo ikaanguka. Nilitoka hivyohivyo. Gauni ya watu iko pale, haina mikono."

Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba niliogopa lile neno lake, kitu kibaya kimoja tu. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilikuwa na mengi.

"Na mimi nilisema vibaya," alisema. "Nilikufunga mudomo, halafu nikashangaa kwa nini iko kimya."

Keji alirudi na soda. Baba yake akavua utepe shingoni na, kwa mazoea tu nadhani, akampima mabega, akampima kiuno, hapo barabarani, malori yakipita.

"Umekonda."

"Nimekuambia. Ndizi."

"Nilisema nikisikia kitu mubaya narudisha mutoto. Leo nimesikia mingapi?"

Nilitazama jua lilipofika. Kule Bukoba walikuwa wanapanga viti.

"Baba," alisema Keji, "leo nasimulia ile hadithi ya Mlango. Nani atasimulia nikirudi? Madam? Atafikiri mpaka kesho."

Fundi Lado alimvuta karibu. Kisha akamfunga kifungo cha kola ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Ile pahali anagonga mlango," alisema, "usikimbie. Pale unakimbiaga sana."

Hadithi, na varanda tena

Hadithi ya Keji ni ya mwanamke aliyehama na kubeba kichwani kitu kimoja tu: mlango wa nyumba yake. Watu njiani wanamcheka. Kila anapopumzika anausimamisha mlango kwenye uwanja mtupu, anaugonga, anasubiri kuona kama kuna mtu wa kumkaribisha. Baba yake alimsimulia akishona, na hadithi yenyewe ina mwendo wa cherehani.

Tulifika wageni wameshakaa. Nilikaa mstari wa mbele nikiwa na simu ya mwalimu Drani, nimepiga ya Taban, naye Taban ameiweka yake ndani ya kikombe cha chai cha askari, ili fundi Lado asikie. Mwalimu Drani aliniambia ananisikia nikipumua. Mvua ya Bukoba ilianza kugonga mabati. Mtoto wa mtu akalia. Keji alipofika mahali pa kugonga mlango hakukimbia. Alisimama. Akainua ngumi hewani, na hapo, katikati ya kimya chote kile, akakohoa. Kikohozi kizima, cha mafua ya maji baridi. Watu wakacheka kidogo. Akafuta pua kwa mkono wa sare aliyoshona baba yake, akagonga.

Kidole changu kilikuwa juu ya simu. Sikugusa kitu.

Tulimaliza siku zetu, tukarudi kwa njia ileile, na nyani wale wale. Kila jioni Keji alituma sauti peke yake, mimi nikiwa mbali, na sijui alisema nini, ila mara mbili nilisikia jina langu.

Wiki iliyopita nilikwenda Koboko kupeleka picha. Bibi harusi aliolewa, gauni likiwa na mikono. Fundi Lado alikuwa pale pale, na simu ndani ya kikombe cha bati, na hadithi ya Keji ikisikika humo pamoja na mvua, maana wenyeji waliirekodi, mwalimu Drani akamtumia. Mteja mmoja alikuwa anamweleza kuhusu zipu.

"Ngoja," alisema fundi Lado, akainua mkono. Mguu ukatulia kwenye cherehani. Mama wa mandazi naye akaacha kukoroga.

Wote walisubiri. Kutoka kikombeni, mwanamke akafika kwenye uwanja mtupu, akausimamisha mlango wake, na Keji akakohoa.

"Hapo," fundi Lado akamwambia mteja. "Umesikia? Hapo."

Kisha mguu ukaanza tena.